Kutunza ngome za kale za jeshi magharibi mwa Marekani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Piga goti kando ya ukuta wa udongo wa ngome ya kale, asubuhi, jua likiwa bado chini. Tazama pale ukuta unapokutana na ardhi. Mara nyingi utakuta umeliwa kama jino lililotoboka: kijibonde kimefuata urefu wa jengo, kimo cha kifundo cha mguu, pengine hadi goti. Gusa taratibu kwa kidole. Unga mkavu unamwagika, na ndani ya unga huo kuna weupe wa chumvi. Kuanzia hapo kwenda juu ukuta unaonekana mzima kabisa. Mgeni huinua macho aone paa na madirisha, lakini mtunzaji huanzia chini, maana majengo haya huanza kufa miguuni.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa, au anayetaka kujitolea kutunza, ngome ambazo jeshi la Marekani lilizijenga kwenye mpaka wa magharibi katika karne ya 19: Fort Laramie kule Wyoming, Fort Davis jimboni Texas, Fort Union jimboni New Mexico, Fort Larned jimboni Kansas, Fort Bowie jimboni Arizona, na nyingine nyingi ndogo zilizo mikononi mwa majimbo, wilaya na vyama vya historia. Neno ngome lisikupotoshe. Nyingi hazikuwa na ukuta wa kuzizunguka wala minara. Zilikuwa kijiji cha kijeshi kilichozunguka uwanja wa gwaride: mahanga ya askari, nyumba za maofisa, ghala la vifaa, tanuri la mikate, hospitali, mazizi ya farasi. Askari wenyewe walijenga sehemu kubwa kwa mikono yao, haraka haraka, kwa kilichopatikana karibu, wala jeshi halikukusudia kukaa milele. Fort Laramie ilinunuliwa na jeshi mwaka 1849 na kuachwa mwaka 1890, kisha majengo yakapigwa mnada, na mengi yakabomolewa ili mbao zikajenge kwingine.

Kwa hiyo unachotunza ni jengo lililojengwa litumike miaka michache, nalo limeshapita miaka 130. Naamini kwa moyo wote kwamba kazi yako ni mbili tu: kuzuia maji, na kuligusa jengo kidogo iwezekanavyo. Mengine yote yanatoka humo.

Hatua ya 1: Lisome jengo kabla ya kulishika

Usianze na mwiko, anza na karatasi. Jeshi lile liliandika kila kitu. Kumbukumbu za ofisi ya mkuu wa ugavi wa jeshi ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, kundi namba 92, na humo hupatikana ramani za kambi, michoro ya majengo, maombi ya mbao na misumari, hata malalamiko ya paa kuvuja. Madaktari wa kambi nao waliandika mno kuhusu majengo, kwa kuwa hanga lenye unyevu na hewa nzito liliwajazia wagonjwa. Mwaka 1870 ofisi ya mganga mkuu wa jeshi ilichapisha taarifa nene kuhusu mahanga na hospitali za kambi zote, yenye vipimo vya vyumba na maelezo ya kuta. Ukiipata kambi yako humo, umeokota dhahabu.

Baada ya hapo tafuta michoro ya Uchunguzi wa Majengo ya Kihistoria wa Marekani, mpango ulioanza mwaka 1933 kwa kuwapa kazi wasanifu majengo waliokosa ajira. Michoro na picha zake zimetunzwa kwenye Maktaba ya Bunge na mtu yeyote anaweza kuziangalia. Picha ya ukuta wako ilivyokuwa miaka ya 1930 itakuambia ufa ule unaokunyima usingizi ni wa jana au ulikuwepo kabla hujazaliwa.

Kisha tengeneza kumbukumbu zako. Kipe kila jengo namba, kila chumba herufi, kila ukuta upande wake wa dira. Piga picha kila ukuta ukiwa umesimama pale pale, mwaka hata mwaka, na kipimo kionekane ndani ya picha. Penye ufa, chora mstari wa penseli kwenye ncha mbili na uandike tarehe kando, kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa. Usiandike juu ya lipu ya kale. Lipu hiyo huenda ina majina ya askari yaliyokwanguliwa kwa kisu, na ukishayafuta hayarudi.

Hatua ya 2: Amua unataka jengo liwe nini

Viwango vya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani vinatambua njia nne. Ya kwanza ni kuhifadhi lilivyo. Ya pili ni kulikarabati lipate matumizi mapya huku sura yake ikibaki. Ya tatu ni kulirejesha kwenye kipindi fulani, na ya nne ni kulijenga upya pale lilipokuwa limetoweka. Chagua moja kwa kila jengo, iandike, na wote wanaofanya kazi wajue.

Ngome zenyewe zinakuonyesha njia hizi. Fort Bowie imeachwa magofu kwa makusudi. Mgeni hutembea kwa miguu kama kilomita mbili na nusu kuifikia, na akifika hukuta kuta fupi zilizofunikwa lipu ya udongo kwa ulinzi, hakuna paa jipya, hakuna sanamu la askari. Fort Larned ni kinyume chake: majengo yake ya mawe ya miaka ya 1860 yalikuwa mali ya shamba la mifugo kwa takriban miaka 80, na kwa kuwa yalitumika yalibaki na mapaa, hivyo yakarejeshwa hadi ndani, na vitanda na bunduki vikawekwa mahali pake. Fort Davis ina vyote viwili uwanja mmoja: majengo yenye mapaa upande huu, misingi na kuta zilizovunjika upande ule.

Ukiniuliza mimi, gofu libaki gofu. Jengo jipya lililowekwa juu ya msingi wa kale hula fedha za matunzo kila mwaka, hufunika ushahidi uliokuwa ardhini, na hueleza kwa uhakika mambo ambayo mara nyingi tumeyakisia. Kama lazima wageni waone ukubwa wa hanga lililotoweka, fremu ya mbao isiyo na kuta au mstari wa mawe ardhini hutosha.

Hatua ya 3: Ruhusa

Kama eneo ni la serikali kuu au fedha zake zinahusika, Sheria ya Taifa ya Uhifadhi wa Kihistoria ya mwaka 1966, kifungu cha 106, inataka athari za kazi zipimwe kabla hujaanza, pamoja na ofisi ya uhifadhi ya jimbo na mataifa ya wenyeji asilia wanaohusika. Kwenye ardhi ya serikali kuu na ya wenyeji, Sheria ya Kulinda Rasilimali za Akiolojia ya mwaka 1979 inamfanya mchimbaji asiye na kibali kuwa mhalifu. Hata pasipo na sheria inayokubana, usichimbe mtaro wa maji wala shimo la nguzo bila mwanaakiolojia kusimama karibu. Ardhi ya ngome imejaa vifungo, chupa za dawa, mifupa ya ng'ombe waliochinjiwa kambini, na kila kimoja kina habari pale tu kilipolala.

Hatua ya 4: Maji

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo majengo yanapoponea au kufia.

Subiri mvua kubwa, vaa koti, toka nje. Hakuna chombo kitakachokufundisha kama saa moja ya kuzunguka jengo mvua ikinyesha. Tazama maji yanapodondokea kutoka upenuni. Tazama kama yanaruka na kupiga ukuta. Matone yakidondoka kwenye ardhi tupu hutupa tope kwenye ukuta hadi kimo cha sentimita 30 au zaidi, na ukuta wa udongo humomonyoka kwa mapigo hayo hayo mamilioni. Tazama yanapotuama. Mwaga rangi ya chakula kwenye dimbwi kama hujui yanaelekea wapi. Ingia ndani, panda darini na tochi, tafuta alama ya duara la kahawia kwenye mbao.

Halafu fanya kwa mpangilio huu. Kwanza paa. Kigae cha mbao kilichopasuka leo kinabadilishwa kwa nusu saa. Kikiachwa, mwakani utabadilisha pau, na mwaka unaofuata kombamoyo. Pili, pembe ambapo paa linakutana na bomba la moshi: bati linalofunga pale ndilo huchoka kwanza. Tatu, ardhi. Ardhi inapaswa kuteremka kutoka ukutani, angalau sentimita 15 katika mita tatu za kwanza. Miaka zaidi ya mia ya vumbi la upepo na samadi ya mifugo huinua ardhi hadi ikafunika msingi wa mawe na kugusa udongo wa ukuta, na hapo unyevu hupanda kama utambi wa taa. Kuiteremsha ardhi hiyo kwa uangalifu, mwanaakiolojia akiwepo, mara nyingi kunauponya ukuta kuliko dawa yoyote ya kopo.

Theluji nayo ni maji yaliyosimama. Upepo wa nyanda huirundika upande mmoja wa jengo, na rundo linayeyuka wiki nzima likilowesha mguu wa ukuta mchana na kuugandisha usiku. Iondoe kwa koleo la mbao au plastiki, ukiacha tabaka jembamba la mwisho liyeyuke lenyewe ili usikwangue ukuta. Usipande maua ya kumwagilia karibu na kuta. Usiweke mabomba ya kunyunyizia nyasi upande huo. Najua wageni hupenda bustani, lakini askari wenyewe walipiga gwaride kwenye vumbi.

Hatua ya 5: Kuta, kila moja kwa lugha yake

Udongo. Matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua, yanayojulikana kule kusini magharibi kama adobe, ni mchanga, udongo wa mfinyanzi, tope laini na mara nyingi majani makavu. Yakiwa makavu yanabeba ghorofa. Yakilowa yanarudi kuwa tope. Kosa kubwa la karne ya 20 lilikuwa kuyavalisha saruji. Saruji haipumui wala hainyumbuki. Udongo ukipanuka na kusinyaa saruji inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, yanakosa pa kutokea, na ukuta unayeyuka ndani ya ganda lake huku nje ukionekana mzuri.

Nililiona hilo kwa macho yangu katika ngome moja ndogo nilikojitolea msimu mmoja wa kiangazi. Kulikuwa na kiraka cha saruji kimo cha mtu, safi, kimepakwa rangi ya udongo. Fundi wetu mkubwa alikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia kama debe tupu. Tulipokitoa kipande kimoja kilianguka kizima kama mlango, na nyuma yake matofali yalikuwa yamelainika kama uji uliopoa. Mwiko uliingia hadi mpinini bila kusukumwa. Aliyeweka kiraka kile alikuwa na nia njema kabisa.

Kwa hiyo rekebisha udongo kwa udongo. Chukua udongo wa hapo hapo kambini, ikiwezekana ule ulioanguka kutoka ukuta wenyewe, mradi hauna chumvi. Upime kwanza: jaza chupa ya kioo theluthi moja kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo ya mezani, tikisa, iache usiku kucha. Mchanga utakaa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka, ukipungua, litamomonyoka. Linganisha na chupa nyingine yenye udongo wa tofali la kale, na ongeza mchanga mpaka zifanane. Finyanga tofali, liache siku chache kabla ya kulisimamisha kwa ubavu, kisha likauke wiki kadhaa kabla ya kulitumia.

Kijibonde kile cha mguuni kinajazwa hivi: ondoa udongo uliolegea na wenye chumvi kwa brashi na mwiko mdogo hadi ufikie udongo mgumu, lowesha kidogo kwa kupulizia maji, weka nusu tofali na tope la kuunganishia. Fanya kipande kifupi kwa zamu, chini ya mita moja, uruke, kisha urudi kwenye nafasi baada ya kipande cha kwanza kukauka. Ukikata mguu wote kwa mpigo mmoja ukuta utakulalia. Mwisho upige ukuta lipu ya udongo na majani kama koti. Koti hilo limewekwa ili liliwe na mvua badala ya ukuta, kwa hiyo likilika usihuzunike, lirudishie. Kwenye magofu yasiyo na paa, kichwa cha ukuta kinahitaji koti hilo kila mwaka.

Mawe na chokaa. Fort Larned imejengwa kwa jiwe la mchanga, laini kiasi kwamba wageni wa zamani waliandika majina yao juu yake. Sheria ni ile ile: lahamu, yaani mchanganyiko unaounganisha mawe, iwe laini kuliko jiwe. Unyevu hutoka kwenye njia rahisi. Kama viungo ni chokaa, utatokea hapo na kuacha chumvi hapo, na baada ya miongo utabadilisha chokaa. Kama viungo ni saruji ngumu, unyevu utatokea kwenye jiwe, na uso wa jiwe utabanduka vipande vipande. Chokaa unaweza kuweka tena. Jiwe lililochongwa mwaka 1867 huwezi.

Toa lahamu iliyochoka kwa tindo na nyundo ndogo, kwa mkono, hadi kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa kiungo. Mashine ya kukatia uiache kwenye sanduku lake. Kisu chake kikiteleza mara moja kinaacha kovu kwenye jiwe ambalo watu wataliona miaka mia. Safisha vumbi, lowesha viungo, jaza chokaa na mchanga kwa tabaka nyembamba, kila moja ishike kabla ya nyingine. Kwa kawaida uwiano huanzia sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, lakini peleka kipande cha lahamu ya kale maabara wakakuambie kilichomo, na tafuta mchanga wa rangi na chembe zinazofanana nacho. Funika kazi kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa, na usifanye kazi hii kama kuna dalili ya baridi kushuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Chokaa changa ikiganda, imekufa.

Fort Laramie ina aina ya tatu, zege la chokaa na kokoto lililomwagwa kwenye fomu za mbao; magofu ya hospitali yake kilimani ni ya namna hiyo. Hutendewa kama ukuta wa chokaa, na kichwa chake hulindwa na maji kama ukuta wa udongo.

Mbao. Old Bedlam, nyumba ya maofisa iliyojengwa Fort Laramie mwaka 1849, ni jengo kongwe kuliko yote ya kijeshi yanayosimama Wyoming, na ni la mbao. Choma mbao kwa bisibisi nyembamba sehemu za chini: vizingiti, miguu ya nguzo za baraza, ngazi. Ikizama kirahisi, pameoza. Kata sehemu iliyooza tu, unga mti mpya wa aina ile ile, na upige mhuri wa mwaka mahali pasipoonekana ili atakayekuja asidanganyike. Kuhusu rangi, chukulia kwamba kila tabaka la zamani lina risasi, ile metali yenye sumu, mpaka kipimo kikuambie vinginevyo. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978 tu. Usiichome kwa moto wala usiipige msasa mkavu. Ilowanishe, ikwangue kwa mkono, tandika plastiki chini, vaa barakoa inayofaa kwa risasi, na usirudi nyumbani na nguo hizo kwa watoto. Acha kipande kimoja cha kila ukuta bila kukwanguliwa; humo ndimo historia ya rangi ilimo.

Hatua ya 6: Vinavyoweza kukudhuru

Nyumba iliyofungwa majira yote ya baridi ina panya. Panya wa porini wa magharibi mwa Marekani hubeba virusi vya hanta, vilivyotambuliwa mwaka 1993 baada ya vifo katika eneo ambapo majimbo ya Arizona, New Mexico, Colorado na Utah yanakutana. Ukifungua jengo, fungua milango na madirisha kisha uondoke kwa nusu saa. Ukirudi, vaa glavu za mpira, lowesha kinyesi na viota kwa maji yenye dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika tano, kisha futa kwa karatasi. Usifagie, wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi, vumbi lisije likapaa ukalivuta. Nasisitiza kwa kuwa mgeni wa kazi, akitaka kuonyesha bidii, kitu cha kwanza anachoshika ni fagio.

Popo wana faida na mara nyingi wanalindwa. Ziba matundu yao baada tu ya kuhakikisha hawapo na hawana watoto. Nyoka wa njuga hupenda kivuli cha misingi ya mawe, basi usiingize mkono usipoona. Na ukikuta kitu cha chuma cha mviringo au chenye umbo la kombora, hata kikiwa na kutu ya miaka 150, usikiguse, ondoa watu, piga 911, namba ya dharura. Baruti ya kale haizeeki kwa namna unayodhani.

Hatua ya 7: Vitu vya ndani

Jengo la kale si kabati la makumbusho, na ukilazimisha hewa ya ndani iwe kama ya jumba jipya la kisasa, unyevu utakusanyika kwenye kuta zake. Afadhali uweke kwenye vyumba vya maonyesho vitu vya kuigizwa vilivyoshonwa kwa ustadi, na sare halisi zikae kwenye jengo la hifadhi lenye hewa tulivu. Mwanga juu ya nguo na karatasi usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Bandika plastiki ya kuzuia miale ya urujuanimno kwenye vioo. Sare zilikuwa za sufu, na nondo wa nguo wanaipenda, hivyo weka mitego yenye harufu ya kuwavuta na uikague kila mwezi. Nguo ikishambuliwa, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, igandishe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, itoe irudi kwenye joto la kawaida taratibu mfuko ukiwa umefungwa. Vifungo vya shaba usivisugue ving'ae. Kila msuguo unaondoka na sehemu ya picha ya ndege tai iliyo juu yake.

Hatua ya 8: Moto na miguu ya watu

Fyeka nyasi kavu kuzunguka majengo, safisha majani yaliyokauka kwenye mifereji ya paa, weka mitego ya radi. Mwezi Aprili 2011 moto mkubwa wa nyika uliingia hadi mji wa Fort Davis na kuteketeza nyumba; upepo wa nyanda hautoi muda wa kutafuta ufunguo wa bomba la maji, basi kila mfanyakazi ajue lilipo. Sakafu za ghorofa uzipimishe kwa mhandisi kabla ya kupandisha wageni, na uandike idadi mlangoni. Njia ya viti vya magurudumu iwe rampu inayojisimamia yenyewe, bila msumari hata mmoja kwenye jengo la kale.

Hatua ya 9: Habari za nani

Ukishazuia maji, jengo litasimama, na watu watakuja kuuliza lilifanya nini. Uwajibu sawasawa. Baada ya 1867 askari wengi wa Fort Davis walikuwa Weusi wa vikosi vya 9 na 10 vya wapanda farasi na vya 24 na 25 vya miguu, wengine wakiwa wametoka utumwani miaka michache tu kabla. Hapo hapo mwaka 1881 Luteni Henry O. Flipper, Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, alishtakiwa. Mahakama ya kijeshi haikumtia hatiani kwa wizi lakini ikamfukuza jeshini kwa mwenendo usiofaa ofisa, na msamaha wa rais ulikuja mwaka 1999. Fort Laramie ilitoa jina lake kwa mkataba wa 1868 uliowahakikishia Walakota, moja ya mataifa ya wenyeji asilia, milima ya Black Hills. Mwaka 1877 serikali iliitwaa, mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua walipwe fidia, nao hadi leo wamekataa fedha hizo, wakitaka ardhi yao.

Habari hizi zina uhusiano na matunzo ya ukuta. Waite Walakota, Wacheyenne, Waarapaho, Waapache au Wakomanchi wanaohusika mapema, kabla mabango hayajaandikwa, kwa sababu wao ndio watakaokuambia ni sehemu gani ya uwanja isiguswe, na kwa nini. Waulizie pia wafua nguo, wake za askari, wapishi. Nyumba zao zilikuwa duni kuliko zote na ndizo zilizotoweka kwanza. Kinachobaki mara nyingi ni mstari wa mawe kwenye nyasi, na mashine ya kukatia nyasi huupita kila wiki bila dereva kujua. Weka vigingi.

Hatua ya 10: Daftari la mwaka

Nunua daftari gumu, mbali na faili za kompyuta. Masika: kagua paa, mifereji, nyufa, miguu ya kuta, baada ya barafu kuyeyuka. Kiangazi, kukiwa kukavu: udongo na chokaa. Vuli, mapema kabla ya baridi: rangi ya mbao, kufunga madirisha, wavu kwenye mabomba ya moshi, mitego ya panya. Baridi: kuzunguka kila baada ya dhoruba, na kuandika bajeti. Ukiombwa uchague kati ya fedha za ukarabati mkubwa mara moja na fundi mmoja wa kudumu, mchague fundi.

Kila ukaguzi uandikwe kwa tarehe, jina na hali ya hewa, hata siku ambayo hukuona kitu. Andika ulichochanganya na kwa kiasi gani: "ukuta wa kaskazini, hanga namba 5, ndoo 6 za udongo wa shimo la mashariki, ndoo 2 za mchanga, majani nusu gunia, umekauka siku 9, nyufa ndogo mbili." Daftari likijaa, nakala moja ikae kwenye jengo jingine lisiloweza kuungua pamoja na ngome. Ukurasa wa mwisho andika mambo uliyoyaona lakini hukuyagusa, na mahali yalipo, ili mrithi wako ayapate siku ya kwanza.